Uzi wa Nne

Gitaa lilikuwa limekwisha kutengenezwa, linang'aa, na halikufaa kitu. Lilining'inia msumarini katika kibanda changu nyuma ya nyumba, hapa Kisugu, na kila nilipolipita nilitamani kulitia shoka. Nililitundika kwa kitanzi cha uzi mkuukuu wa gitaa, maana nyumba yetu nzima imefungwafungwa kwa mabaki ya nyuzi za mke wangu: geti, pazia la jikoni, koleo zangu ukutani, hata kipande cha sabuni tunakikata kwa uzi huo huo. Nyuzi tano za gitaa nililotengeneza zililia vizuri. Uzi wa nne ulikoroma.

Mimi si mtu wa muziki, na nataka hilo lieleweke mapema. Kazi yangu ni taa za barabarani. Napanda nguzo, nabadilisha taa, nashuka, natukanwa na madereva niliowazibia njia. Mwanamuziki ni mke wangu. Alikuja Kampala kutoka Bukavu akiwa msichana, na kitu kikubwa alichokuja nacho ni vidole. Baba yake alipiga gitaa kwenye bendi ya dansi, kisha akaokoka akapiga kanisani, na watoto wake wa kiume walipokataa kujifunza akamfundisha binti.

Mimi baba yangu alikuwa askari, mtu wa kaskazini, nami nilikulia kambini, ambako Kiswahili ndicho tulichochezea na ndicho tulichopigiwa. Cha mke wangu ni cha Kongo. Havilingani hata kidogo, maana katika changu hata "anabeba" ni "nabeba", lakini ndivyo tulivyotongozana navyo na ndivyo tunavyogombana navyo mpaka leo. Watoto wanatucheka kwa Kiganda.

Katika kanisa lao, kanisa la Wakongo lenye kuta za mabati, yeye ndiye aliyekuwa mpiga solo. Asiyejua muziki wao nimweleze: maneno ya wimbo yakiisha, waimbaji wananyamaza, gitaa la solo linabaki linapanda peke yake, na hapo ndipo kina mama wanapotoa leso na kuanza kucheza. Bila mpiga solo, wimbo unaisha tu kama maji yakikatika. Nilikuwa nasimama nyuma pale mlangoni, mimi nisiyejua hata noti moja, najisikia mtu mkubwa.

Kisha bodaboda aliyopanda iliteleza kwenye matope, akaangukia bega la kushoto. Akapasuliwa, akapona, lakini daktari akamwambia bega lile lisibebe kitu kizito tena. Gitaa la kanisa ni zito, na mkanda wake unakaa bega lile lile. Alijaribu kupiga ameketi. Kiongozi wa kwaya, mtu mpole ambaye upole wake unaniudhi, akamwambia kwamba kwaya humwimbia Mungu imesimama. Solo akapewa kijana mmoja, kwa muda. Neno hilo "kwa muda" nalijua vizuri. Ofisini kwetu kuna feni iliyofungwa kwa waya kwa muda, na niliikuta hivyo nilipoajiriwa.

Mke wangu hakulalamika. Angelalamika ningejua la kufanya. Alihamia upande wa waimbaji, akawa anapiga makofi pamoja nao, na nyumbani akaacha kuimba chini chini wakati anapika. Alikuwa anapika na sauti pekee ni mwiko kwenye sufuria. Sikuweza kuvumilia. Siku moja nikamwambia, "Mama watoto, mimi natengeneza gitaa yako. Nyepesi. Hata mtoto nabeba."

Akacheka. Hakuwa amecheka siku nyingi. "Weye? Weye mutu ya mataa?"

Basi, baada ya kumchekesha hivyo, ningerudi nyuma namna gani?

Mbao nilitaka musizi, kwa sababu ni nyepesi, na kwa sababu ndiyo niliyoweza kuibeba mwenyewe. Muuzaji wa mbao wa soko la Ndeeba aliigonga kwa ngumi akaniambia, "Ssebo, bwana, hii nakauka kabisa. Sikia, nalia kama ngoma." Ililia kama ngoma, kweli. Nikachora umbo, nikakata, nikapiga msasa mpaka mikono ikafa ganzi, na kabla ya mwezi kwisha mwili wa gitaa ulikuwa umejikunja kama chapati. Nilirudi Ndeeba kumtafuta yule bwana. Wenzake wote pale hawakumjua, hawajawahi kumwona, na mmoja wao alikuwa amevaa kofia yake.

Mbao ya pili niliiweka juu ya boriti za jikoni, kwenye joto na moshi, nikangoja. Kungoja si kipaji changu. Nilikuwa naingia jikoni kuigusa mpaka mke wangu akaniuliza kama nimeiposa. Ilipokauka, umeme ukawa unakatika kila nilipowasha mashine ya kutobolea, nami ndiye mtu anayepigiwa simu na mtaa mzima taa zikizimika, kana kwamba nimeuficha umeme mfukoni. Jirani yetu, mke wa polisi, akaja juu kwa ajili ya vumbi kwenye nguo zake alizoanika. "Wewe iko najenga nini huko ndani? Meli?" Nikamwambia ndiyo, na nikimaliza nitamhamisha nayo.

Vyuma nilivipata Kamwokya, kwa jamaa anayeuza mizoga ya vyombo vya muziki kando ya barabara. Nilinunua gitaa lililokufa, lenye shingo iliyopasuka, nikalichinja. Nikachukua sumaku zinazoshika sauti, funguo za kukazia nyuzi, daraja la chini linaloshikilia nyuzi mwilini, na kile kipande cheupe kinachokaa juu mwisho wa shingo, chenye mifereji sita ambamo nyuzi hupita kwenda kwenye funguo. Mimi nakiita kichana, maana kinafanana nacho. Nilikisafisha kwa mswaki wa zamani, nikakigundisha kwenye shingo yangu mpya ya mahogani, na kikakaa sawasawa kama kilichozaliwa pale. Nakumbuka nilikibusu. Mtu mzima, baba wa watoto, nabusu plastiki.

Waya niliunganisha mchana mmoja tu, na sauti ikatoka mara ya kwanza. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya gitaa lile iliyoniheshimu.

Zikabaki nyuzi, na nyuzi hazikunihusu. Mke wangu hamruhusu mtu kumtilia nyuzi. Ni adabu ya baba yake: kutia nyuzi gitaa la mwenzako ni kama kumchana mtu mzima nywele hajakuomba. Nilimnunulia pakiti mbili dukani karibu na Kikuubo, maana siku zote hununua mbili na sikuwahi kuuliza kwa nini. Akaingia chumbani na gitaa, akafunga mlango. Akatoka baadaye, akanipa uzi uliobaki, umekunjwa vizuri kama kawaida, nami nikauweka mfukoni wa kufungia hiki na kile. Kisha akavaa mkanda, akasimama. Nilimtazama bega. Halikushuka. Alisimama wima na gitaa lile kama mtu aliyevaa kanga.

"Ni nyepesi, Papa," akasema. "Ni nyepesi kweli." Macho yake yalikuwa yanameremeta.

Akapiga. Uzi wa nne ukakoroma.

Akaukaza, akaulegeza, akapiga tena. Ukakoroma, na alipouvuta kwa nguvu ukaruka pembeni. Akanitazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye chakula cha mgeni. "Hii kamba iko na shida."

Nikaenda kwa wanaume wa video. Kuna wanaume huko ng'ambo wenye meza safi na umeme usiokatika, wanatengeneza magitaa huku wanatabasamu. Wote walisema mamoja: uzi ukikoroma, tazama vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, kimojawapo kimeinuka. Nikatazama. Nikaona kimeinuka. Ukitaka kuona kitu kimeinuka utakiona. Nikachukua tupa, nikapunguza. Mke wangu akaingia chumbani, akatia nyuzi, akatoka, akapiga. Ukakoroma.

Nikapunguza tena. Nikainua daraja. Nikalishusha. Nikang'oa vijiti viwili nikaweka vingine. Nikasaga vile vya juu karibu na mwili, ambavyo video moja ilisema ndivyo wasaliti wakubwa. Kila mara ni mzunguko ule ule: mimi na tupa kibandani, yeye na nyuzi chumbani, mlango unafunguka, ananipa uzi uliobaki, anapiga, tunatazamana. Nilianza kuuchukia mlango wenyewe. Nikiwa juu ya nguzo kazini nilikuwa nasikia mkoromo kwenye waya.

Siku moja nikamwambia, "Labda wewe napiga vibaya."

Sijui ulimi wangu ulitumwa na nani. Jioni aliwapakulia watoto, akajipakulia yeye, akafunika sahani yangu, akaiacha jikoni. Nikala posho, ugali wetu wa hapa, na maharagwe peke yangu kama mpangaji.

Wakati wote huo sikukuu ya kanisa ilikuwa inakaribia, na kiongozi wa kwaya, kwa upole wake ule ule, alikuwa ametangaza kwamba atakayepiga solo sikukuu hiyo ndiye atakayebaki nayo. Mazoezi ya mwisho yangekuwa Jumamosi. Mke wangu alileta habari hiyo kama anavyoleta habari ya bei ya nyanya. Akakaa mlangoni pa kibanda, akaniangalia ninavyosaga.

"Acha tu, Papa. Pengine Mungu anasema ninyamaze."

Hapo ndipo nilipokasirika kuliko siku zote. Si kwa ajili ya gitaa. Nilimkasirikia yeye, kwa kusema vile na uso uliotulia. "Mungu hajasema kitu!" nikapiga kelele. "Ni mbao tu hii! Ni mbao na vyuma! Mungu nafanya nini kwa kibanda yangu?" Jirani akachungulia juu ya ukuta, akaona tupa mkononi mwangu, akarudi chini.

Siku moja kabla ya mazoezi alikwenda kliniki kuonyesha bega. Nilikuwa nimemaliza kusaga tena, na pakiti mbili za nyuzi mpya zilikuwa mezani, na yeye hayupo. Nilijua nakosea adabu. Lakini nilikuwa nimechoka kungoja mlango ule ufunguke. Nikafungua moja, nikatia nyuzi moja moja kama ilivyoandikwa, wa kwanza mahali pa kwanza mpaka wa sita. Nikakaza. Nikapiga wa nne.

Haukukoroma.

Nikapiga tena, polepole, kisha kwa nguvu. Ulitoa sauti nene, safi, iliyotulia. Nikacheza mle kibandani peke yangu kwenye unga wa mbao. Nikamshinda nani sijui, lakini nilimshinda. Nikaenda kumngoja getini, na alipotokea nikamshika mkono nikamvuta bila kumsalimu.

Akachukua gitaa mkoba ukiwa bado begani. Akapiga mara moja tu. Uso wake ukakunjamana. "Nani alitia kamba?"

"Mimi. Samahani. Lakini sikia, nalia vizuri!"

"Hii ya ine ni nini?"

"Ni ya nne. Hiyo ya pakiti."

"Papa," akasema taratibu, kama anaongea na mgonjwa, "ile tunatoaka."

Sikuelewa. Akaufungua uzi ule mnene, akautupa juu ya meza, akatoa kwenye pakiti ya pili uzi mwembamba kabisa, ndugu wa ule wa kwanza, akautia mahali pa nne. Akaukaza mpaka ukapanda juu sana. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na ndivyo wapigaji wa kwao wanavyofanya: wanatoa uzi mnene wa nne, wanatia mwembamba, na huo ndio unaolifanya gitaa lao liimbe pale katikati kama watu wawili. Akapiga. Mkoromo ukarudi, ule ule, rafiki yangu wa miezi yote hiyo.

Tukainama wote wawili juu ya kichana. Mfereji wa nne ulikuwa umechongwa kwa uzi mnene. Uzi wake mwembamba ulikuwa umelala humo kama mguu wa mtoto ndani ya buti la baba, unacheza huku na huku. Vijiti vya chuma havikuwa na kosa lolote. Havikuwa na kosa tangu siku ya kwanza.

"Na hukuniambia?" nikasema.

"Nikuambie nini? Unaiona kila siku! Hujaona weye?"

Nilikuwa nimeiona. Hilo ndilo lililonichoma. Tangu nimwoe nimeliona gitaa lenye uzi mwembamba mahali pa nne, nikadhani magitaa yote yako hivyo. Na uzi mnene aliokuwa ananikabidhi kila mara, ule ule kila mara, umefunga geti langu mpaka umeota kutu, na sikuwahi kujiuliza kwa nini unabaki huo tu. Yeye naye hakuwahi kukitazama kichana. Cha gitaa la baba yake kilichongwa kwa mfupa wa mbuzi, kikiwa tayari na mfereji mwembamba. La kanisani alilikuta na kijiti cha kiberiti kimegundishwa kwenye mfereji, akadhani ni mahali palipovunjika. Nikapiga ndoo teke. Akanitukania video zangu. Nikamtukania mlango wake wa chumbani. Tuligombana vizuri, kwa sauti, mpaka jirani akaongeza redio.

Kisha nikaenda buchani, nikaomba mfupa wa ng'ombe, nikauchemsha, nikaukata, nikauchonga kichana kipya wakati yeye ameketi kwenye ndoo ile ile niliyoipiga teke, anajaribu uzi wake kwenye mfereji na kusema bado, bado, hapo. Jua halijatua kilikuwa mahali pake. Uzi wa nne uliimba. Jamani, uliimba! Mwembamba, mkali kidogo, juu ya wenzake. Nikamwona anafumba macho.

Akapanda na vidole kwenda juu ya shingo, kule solo inakoishi, na sauti ikafa. Tup. Akajaribu kijiti kilichofuata. Tup. Ni vile nilivyovisaga. Nilikuwa nimevisaga hivi kwamba uzi ukibonyezwa unalala kwenye mbao kama umekufa. Nimetafuta kosa lisilokuwepo mpaka nikalitengeneza. Kubadilisha vyote kulitaka siku kadhaa, na mazoezi yalikuwa kesho. Nilikaa chini kwenye unga wa mbao, na nakiri nilitaka kulia, na kidogo nililia.

Jumamosi alilichukua hivyo hivyo. Nilimwambia asiende nalo, akaniuliza kama mimi ndiye kiongozi wa kwaya. Nilisimama mlangoni mahali pangu pa siku zote. Kijana yule alikuwa na gitaa la kanisa, mke wangu akasimama kando yake na la kwangu, wima, bega limetulia. Wimbo ukaisha maneno. Kiongozi akamwashiria mke wangu kwanza. Akaanza chini, uzi wa nne ukaitika, na mama mmoja mzee akatafuta leso. Kisha wimbo ukafika pale unapotakiwa kupanda. Nikaona mkono wake unaanza safari ya kwenda juu, nikaona unasimama. Akarudi chini. Akazunguka, akatafuta njia nyingine huko huko chini, akaipata, na kanisa likapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa najua alichokiacha.

Kiongozi wa kwaya alifurahi sana. "Mama, umetubariki," akasema. "Lakini kwa sikukuu, tuachie kijana solo. Kule juu yeye anafika. Weye utapiga gitare ya katikati, ile ya kusindikiza." Alisema kwa upole. Nilitamani kumpandisha nguzo nimwache huko.

Tukarudi nyumbani kwa miguu, mimi nimebeba gitaa. Nilikuwa nimemtengenezea kitu cha kumfikisha mlangoni na kumwacha hapo. Nilimngoja aseme acha tu, aseme Mungu, aseme kwa utulivu wake ule niliokuwa naogopa.

Tulipofika getini akasimama wakati nafungua ule uzi wenye kutu.

"Papa, hii shingo yako ni ya bure," akasema. "Ni mbaya. Umeiharibu. Kesho nenda Ndeeba utafute mbao ingine, na mara hii sitaki uguse kitu chochote kama sijaangalia. Unasikia? Na ile gitare ya katikati mimi siitaki. Nataka yangu."

Alikuwa anafoka. Alinifokea mpaka jikoni, akawasha jiko ananifokea, akakata vitunguu ananifokea, kwamba shingo ile ilikuwa nene mno tangu mwanzo, kwamba funguo zinauma vidole, kwamba nani amenidanganya kupaka rangi ile. Nilisimama mlangoni na gitaa mkononi. Sikumbuki alinyamaza saa ngapi. Najua tu kwamba alipomaliza kunifokea hakunyamaza hasa: alikuwa anakoroga sufuria, na chini chini, kwa mdomo, alikuwa anapanda kule ambako mkono ulishindwa kufika.